Mama alibeba parachichi za Njombe, vidonge vya presha akaviacha

Begi la mama lilikuwa zito kuliko yeye mwenyewe, na nusu ya uzito huo ilikuwa parachichi. Alizifunga moja moja kwa kurasa za magazeti ya zamani, na moja wapo niliiona imezungushiwa makala yangu. Alisema mtu haendi kulala kwa watu mikono mitupu, hata kama anawalipa. Mlikuwa pia na kilo mbili za maharage, kitenge kipya cha zawadi, Biblia, tochi na sweta. Sweta, mwezi wa Machi, pwani!

Vidonge vyake vya presha havikuwemo. Hilo nilikuja kulijua siku ya tatu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kuhusu presha nimeandika mara nyingi kiasi kwamba aya ya kwanza naweza kuitamka usingizini: haina dalili, inaua kimyakimya, pima, meza dawa, punguza chumvi. Mwaka juzi mama alipogundulika anayo, huko huko Njombe, nilimtumia makala zangu tatu kwenye simu. Akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Nikaona kazi yangu imekwisha.

Safari yenyewe ilitokana na ubao. Mama alifundisha shule ya msingi miaka 34, na kila mwaka, somo likifika kwenye bahari, alichora samaki, jahazi na matumbawe kwa chaki za rangi alizonunua kwa pesa yake. Bahari yenyewe alikuwa ameiona mara mbili tu, zote mbili akiwa kwenye kivuko cha Kigamboni na amekazana kushika pochi. Alipostaafu, na baba akafariki mwaka uliofuata, akaanza kusema maneno ya ajabu kidogo kwenye simu. Anataka kuyaona matumbawe kabla macho hayajaisha. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu nikaacha kucheka.

Binti mmoja ninayefahamiana naye hapa Dar es Salaam aliniambia wazazi wake wanapokea wageni nyumbani kwao, upande wa kusini wa Bagamoyo, kwenye ghuba yenye mikoko si mbali na Mlingotini. Yeye ndiye anayepokea simu na malipo, wazazi wanapokea watu. Kijiji sikitaji, na majina ya wenyeji sitayataja, kwa sababu waliniomba hivyo, na mbele utaelewa kwa nini.

Tulipita Tegeta, Bunju na Mapinga kwa daladala, tukashuka njia panda, kilomita za mwisho tukamalizia kwa bajaji iliyoruka mashimo kama mbuzi. Hapo barabara ikaisha. Mbele kulikuwa na minazi, nyavu zimeanikwa, na mama mmoja mrefu mwenye kanga kiunoni aliyekuwa akitusubiri jua kali bila hata kujikinga.

"Karibuni, karibuni. Poleni na safari."

"Kamwene," mama akajibu, kisha akashtuka na kujisahihisha. "Asante, dada. Tumeshapoa."

Siyo hoteli, msomaji, na ukienda usitegemee hoteli. Ni nyumba ya familia yenye vyumba vitano, viwili vya wageni. Sehemu ya zamani kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, sehemu mpya ni tofali za saruji, na paa lote ni makuti. Umeme ni wa jua, wa kutosha taa na simu. Maji ya kisima yana chumvichumvi, unaoga nayo kwa ndoo. Ya kunywa huletwa na kijana kwa baiskeli, madumu manne kwa safari. Choo ni safi kuliko vingi nilivyoviona mjini. Tulilipa shilingi 35,000 kwa mtu kwa siku, pamoja na chakula, na chakula chenyewe kilikuwa cha kumfanya mtu asahau alichokiandika kuhusu chumvi.

Wajukuu wa nyumba ile walikuwa wengi, na wote waliwaita wenye nyumba Bibi na Babu, nasi tukafuata. Bibi analima mwani pamoja na wanawake wenzake. Babu ni mvuvi aliyepunguza kuvua. Siku hizi anapeleka wageni mwambani kwa ngalawa. Mkono wake wa kushoto una kidole gumba na nusu ya kidole cha shahada. Vingine havipo. Nilivyoona tu nikaanza kutunga maswali ya kuuliza kwa adabu, nikiyapanga kama nilivyofundishwa chuoni. Sikuuliza hata moja.

Usiku wa kwanza, tumeshakula wali wa nazi, changu wa kukaanga na ng'onda wa pembeni ambao mama aliurudia mara mbili, nikatoa mashine yangu ya kupimia presha. Huwa natembea nayo kama wengine wanavyotembea na chaja. Mashine ikavimba, ikapumua, ikaandika 178 kwa 104.

Kwa wasioijua lugha hiyo: ukipimwa mara kadhaa ukapata 140 kwa 90 au zaidi, madaktari wanaiita presha ya juu. Namba za mama zilikuwa mbali na hapo.

"Mama, umemeza dawa leo?"

"Nimemeza."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Si nimekwambia nimemeza?"

Alilitamka kwa sauti ya mwalimu, ile inayofunga mjadala. Nikampigia daktari mmoja ambaye huwa namhoji. Akauliza kama kichwa kinamuuma sana, kama kifua kinabana, kama anaona ukungu, kama anahema kwa shida, kama kuna upande wa mwili unaokufa ganzi. Hakuna hata kimoja. Basi apumzike, akasema, ameze dawa zake bila kuruka, apimwe tena asubuhi, na dalili yoyote kati ya hizo ikitokea msisubiri kukuche, mkimbilie hospitali. Nikalaumu safari, joto na ng'onda. Usiku nililala nikisikiliza anavyopumua kitanda cha pili, na bahari nayo inapumua nje, na sikupata usingizi mpaka alfajiri.

Jumatano asubuhi ilikuwa 170 kwa 100. Ilikuwa bamvua, mwezi umejaa, na saa nne hivi maji yakawa yametoka mbali kabisa, yamebaki mchanga, matope na mistari ya kamba za mwani. Mama alivua viatu, akafunga kanga, akamfuata Bibi. Niliwaangalia kutoka juu: wawili wa umri mmoja, mmoja mrefu, mwingine mfupi, wameinama wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba na kamba kwenye vigingi. Bibi alimweleza kwamba ile aina yenye bei nzuri haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakichemka miezi kama hii, inapata weupe, inalegea, inakatika, na mkulima anabaki na kamba tupu. Ndiyo maana wengi wamebakia na aina ya bei ndogo, ambayo angalau haifi upesi. Mama alirudi na matope mpaka magotini, anacheka. Nikapima, nikapata 168.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya matumbawe.

Ningeweza kuizuia. Nilifikiria hilo usiku kucha: mwanamke wa miaka 62, presha iko juu, hajui kuogelea, ndani ya ngalawa, saa nzima kutoka pwani, na gari la karibu ni bajaji. Nikampigia tena yule daktari, akasema akiwa hana dalili na hafanyi kazi ya nguvu anaweza kukaa kwenye chombo kama anavyokaa kwenye kiti. Mama alikuwa ameshavaa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa juu ya gauni lake la kanisani. Amekaa mlangoni tangu saa kumi na mbili. Sikuweza.

Tuliondoka saa mbili maji yakiwa yanatoka, Babu kwenye usukani na mjukuu wake kwenye tanga. Kaskazi ilikuwa imelegea. Kuna watu huenda mpaka Mwambakuni, lakini Babu alitupeleka mwamba wa karibu, akatia nanga mahali ambapo maji yalikuwa kimo cha mtu na nusu, na angavu kama kioo. Akampa mama miwani ya kuzamia, akamwambia alale kifudifudi ukingoni, atumbukize uso tu. Mimi nilishika jaketi lake kwa nyuma kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mbuzi wa sikukuu.

Akatumbukiza uso. Akakaa. Akakaa tena mpaka nikaogopa. Akainua kichwa, maji yanamtiririka.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nawachorea watoto kwa rangi moja."

Chini yetu kulikuwa na matumbawe yenye matawi kama pembe za swala, mengine ya mviringo kama ubongo, ya kahawia, ya zambarau, ya kijani cha ndimu. Pono alikuwa anakwangua mwamba kwa mdomo wake mgumu, na ukiwa umetulia unasikia, kwaru, kwaru. Kulikuwa na kiti cha pweza chekundu. Mama alikuwa anainua uso kila mara kunitangazia alichokiona, kisha anarudi.

Halafu akauliza kama yuko darasani. "Tumbawe ni nini? Mnyama, mmea au jiwe?"

Nikamwambia ni mnyama. Ni viumbe wadogo sana, maelfu kwa maelfu, kila mmoja anajijengea kikombe cha chokaa, na mwamba wote huo ni vikombe vyao vilivyorundikana. Ndani ya miili yao wanaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayowalisha kwa kutumia mwanga wa jua, na ndiyo inayowapa rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, wanaitema ile mimea, wanabaki weupe, na joto lisiposhuka wanakufa njaa. Mwaka 1998 ilitokea hivyo sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, ikiwemo pwani yetu. Yale ya mviringo yanakua kama sentimita moja kwa mwaka. Tumbawe la ukubwa wa meza ya kulia linaweza kuwa lilianza kabla bibi yake mama hajazaliwa.

"Mimi nilikuwa nasema ni aina ya mawe," mama akasema. "Miaka 34." Alinyamaza kidogo. "Wengine sasa ni wakurugenzi."

Babu alicheka mpaka akaachia usukani. Kisha akang'oa nanga, akatusogeza kama hatua mia, akamwambia mama aangalie tena. Hapo hapakuwa na rangi. Kulikuwa na vipande vilivyovunjika, vimetapakaa kama kokoto kwenye eneo la ujenzi, vya kijivu, na samaki mmoja mmoja anayepita bila kusimama.

"Hapa palipigwa baruti," Babu akasema.

Nikaanza kulitafuta swali langu la adabu. Mama alikuwa ameshavua miwani.

"Mzee wangu, na hivyo vidole, viko wapi?"

"Vimo humu humu majini, mwalimu."

Akatusimulia, akiangalia tanga na si sisi. Alikuwa kijana, ana watoto wanne, mashua si yake, nyavu si zake. Tajiri alileta baruti. Mlipuko mmoja na samaki wanaelea, mnaokota kama embe, nusu yao wanazama na kuoza. Hapa mahali, alisema, wengine walipiga, lakini alipiga na yeye. Siku moja utambi uliungua haraka kuliko alivyozoea. Hospitali alisema amekatwa na mashine ya kukoboa, kwa kuhofia polisi, na kidonda kikasafishwa kama cha mashine. Siku ya tano mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwikoni ndipo mkewe alipomweleza muuguzi ukweli, pembeni, bila ruhusa yake. "Nilimnunia mwezi mzima," alisema. "Mkono ninao kwa sababu yake."

Kwa miaka mingi milipuko ilikuwa inasikika mpaka majumbani, mara kadhaa kwa siku. Doria zilipokazwa miaka ya karibuni, imepungua sana. Lakini pale palipopigwa hapaponi upesi, kwa sababu vile vipande havitulii. Kila bamvua inavisukuma, na tumbawe changa likijishikiza linasagwa. Babu anapapitia pale na kila mgeni. Hawaambii wote kuhusu vidole.

Mama hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Nilifikiri amechoka.

Saa kumi nilienda kisimani kuchota maji. Niliporudi, Bibi na mama walikuwa jikoni, mlango umerudishwa nusu. Bibi amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mama anachambua mchele. Nikasikia Bibi anafungua kopo. Vidonge vyake anavihifadhi kwenye kopo la Blue Band, juu ya kabati, mbali na wajukuu.

"Mimi naswali, kisha nameza," akasema. "Kila siku hivyo hivyo. Na wewe mwalimu, zako humezi? Tangu Jumanne sijakuona."

Kimya. Mchele ukachekechwa.

"Nimeziacha Njombe."

"Umesahau?"

"Sijasahau, dada. Nimeziacha."

Nilikuwa nje na ndoo mkononi. Ningepaswa kubisha hodi. Nilisimama.

Mama alieleza polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kidonge kile kinamkojoza. Wenyewe walishamwambia kwamba ndiyo kazi yake, kinatoa maji na chumvi mwilini. Lakini yeye tangu azae mapacha, wadogo zangu, hawezi kuzuia vizuri. Akikohoa, akicheka, akiinua ndoo, inatoka. Alikuwa anajimudu. Kidonge kilipoongezeka akashindwa. Jumapili moja kwenye kwaya, wimbo katikati, ililowa sketi ya sare. Akatoka kwaya, akasema ana mafua. Na basi la Njombe kuja Dar, saa kumi na mbili na zaidi barabarani, dereva anasimama anapotaka yeye kuchimba dawa, na mtu mzima wa miaka 62 anachuchumaa kichakani na abiria wanapiga honi kwa midomo. Akaviacha kabisa tangu Desemba.

"Na daktari ulimwambia?"

"Daktari mwenyewe nilimfundisha kusoma, dada. Darasa la kwanza. Nimwambie mwalimu wako anajikojolea?"

Nilitegemea Bibi atasema pole. Alicheka, kicheko kirefu cha tumboni, akaacha kukuna nazi.

"Mwalimu, mimi nimezaa tisa. Miaka kumi nilikuwa nikicheka nakaa chini kwanza."

Akamwambia nesi mmoja wa kliniki ya mama na mtoto ndiye aliyemfundisha: unaibana ile misuli ya chini kama unayezuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unaachia, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Si kitu cha kuonekana. "Mimi nafanya nikiwa nafunga mwani. Watu wanaona nafunga mwani." Miezi mitatu, alisema, ndipo alipoona tofauti. Mambo hayo niliyafahamu. Nilishawahi kuyaandika, mistari miwili, mwishoni mwa makala kuhusu uzazi, na hakuna siku niliyofikiri kwamba mama yangu ni mwanamke aliyezaa.

Niliingia. Na niseme ukweli, niliingia vibaya.

"Mama, unataka kufa? Unanidanganya usoni, nakupima kila siku, usiku silali, kumbe vidonge viko Njombe!"

Bibi aliinamisha uso kwenye nazi yake. Mama aliweka ungo chini taratibu.

"Kila ukipiga simu unaniuliza kama nimemeza," akasema. "Hujawahi kuniuliza vinanifanyaje."

Nilitafuta jibu. Mimi huwahoji wagonjwa kwa kazi. Nina daftari zima la maswali: ilianzaje, ulijisikiaje, nini kilikuzuia kwenda hospitali. Watu wasionifahamu wamenieleza mambo ambayo hawajawaeleza waume zao. Kwa mama nilikuwa na swali moja tu, na jibu lake nililotaka lilikuwa ndiyo.

Bibi aliona tumekwama, akafanya la maana kwa maoni yake: akatoa kidonge kwenye kopo lake, akampa mama na kikombe cha maji. "Meza hiki, kesho tutaona." Ikabidi nimzuie. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine mwenye figo au moyo tofauti. Hata mtu aliyeacha zake mwenyewe anatakiwa aonwe kwanza kabla hajarudia. Bibi alikasirika kidogo. Alisema watu wa mjini tuna maneno mengi. Lakini alirudisha kidonge, na jioni ile supu ya samaki aliipika bila chumvi, akaiweka mezani bila kusema lolote, na bakuli la chumvi akaliweka upande wa Babu.

Ijumaa asubuhi tulienda hospitali Bagamoyo. Bibi alikuja nasi ingawa kliniki yake ilikuwa wiki inayofuata. Mama aliomba aonwe na daktari wa kike, tukangoja zaidi ya saa mbili, na jina lake lilipoitwa nikasimama kumfuata. Akanigeukia mlangoni.

"Wewe kaa hapo."

Nikakaa kwenye benchi na Bibi. Niliona kwamba ananitazama pembeni, kisha akanipa kashata kutoka kwenye fundo la kanga.

Mama alikaa ndani dakika arobaini. Kilichosemwa humo sikijui chote, na sikuuliza. Alitoka na karatasi ya vipimo vya figo na sukari, dawa ya aina nyingine isiyo ya kukojoza, na maelezo kwamba hii nyingine inaweza kumvimbisha miguu, ikitokea aseme, asiiache kimyakimya. Pia alipewa yale yale mazoezi ya Bibi, safari hii kwenye karatasi. Bibi aliisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama aliyeyatunga.

Kurudi, mama alitaka tupitie magofu ya Kaole kwa kuwa aliyafundisha pia. Jua lilikuwa kali, hatukukaa. Kuna msikiti wa karne ya 13 pale, kuta zake ni mawe ya matumbawe kama ya nyumba ya Bibi. Mama alipapasa ukuta, akakaribisha macho mpaka kwenye vishimo vidogo.

"Hawa nao," akasema.

Tulikaa siku mbili zaidi. Presha haikushuka kwa muujiza. Jumapili ilikuwa 158 kwa 96, na daktari alishasema dawa ile inachukua wiki kadhaa kufanya kazi yake yote. Asubuhi zote mbili mama alishuka na Bibi kwenye mwani. Kutoka juu niliwaona wamekaa kwenye maji ya kina kifupi, wamenyooka migongo, wanaangalia mbele, wametulia kabisa. Kisha mmoja anasema kitu na wote wawili wanacheka.

Mwezi uliofuata alipimwa Njombe, 146 kwa 88. Yule kijana aliyemfundisha kusoma ndiye aliyempima. Alimwambia au hakumwambia, ni siri yao.

Siku ya kuondoka Dar nilimpeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Begi lilikuwa limenuka ng'onda. Nilimwangalia, akaniangalia, nikafunga buti la basi bila kusema neno. Saa sita simu ikaita.

"Tuko Ruaha Mbuyuni. Basi limesimama, watu wanachimba dawa."

"Umepata pa kujisitiri?"

"Mimi sijashuka," akasema. "Nimekaa tu. Hebu mpigie Bibi umuulize zile parachichi zimeiva, maana nilimwambia azifunike kwenye pumba na najua hakufunika."